Kilomita Hamsini kutoka Osterwarf

Quedlinburg, 20 Januari 2019

Baba,

Habari za Osterwarf, na bega lako linaionaje baridi hii? Mimi mzima. Kidole gumba cha kushoto nilikipiga nyundo wiki iliyopita na ukucha umekuwa mweusi, lakini bado nashika patasi, na kalamu kama unavyoona.

Tumefika Quedlinburg juzi, watu wanne, viatu vimelowa. Lori la viazi lilitushusha nje ya mji, tukamalizia kwa miguu na mafurushi yetu mgongoni. Korbinian unamjua kwa barua zangu za Basel: seremala wa Bavaria, mpana, asiyekosa njaa. Jeppe ni Mdenmaki, fundi wa milango na madirisha. Mecke ni mwezekaji kutoka Thuringia, na ndiye pekee kati yetu anayejua kusoma ramani.

Mji huu ungeupenda, ingawa ungekataa kusema. Mtaa baada ya mtaa ni nyumba za mbao na udongo, nyingine zina miaka mia tano, zimeegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani pamoja. Korbinian hatazami mbele. Anatembea kichwa juu akisoma viungo vya boriti, na jana sokoni aligonga sanamu ya Roland kwa paji la uso. Akaiomba radhi.

Kama desturi, kwanza tulikwenda kwa meya kusoma shairi la fundi msafiri na kuomba muhuri wa mji kwenye daftari zetu za safari. Zamu ilikuwa ya Jeppe. Alipofika katikati akasahau, akaendelea kwa Kidenmaki, sauti ileile, bila kupepesa macho. Meya alisubiri hadi mwisho.

"Nusu ya pili ilisema nini, kijana?"

"Jinsi mama yangu anavyopika samaki, mheshimiwa."

Tulipata mihuri yote minne.

Kazi tumeipata kwa Bi. Klawitter, mjane mwenye nyumba katika kichochoro chini ya kasri. Boriti ya chini imeoza kabisa. Nyumba imeinamia mtaani kiasi kwamba jirani wa ng'ambo anasema humwomba chumvi dirishani bila kuinuka kwenye kiti. Tutang'oa boriti ya zamani na kuingiza mwaloni mpya, nyumba ikiwa juu yake. Tutakaa hadi katikati ya Aprili. Zaidi ya miezi mitatu mahali pamoja sisi mafundi wasafiri haturuhusiwi.

Safari yangu inaisha tarehe 15 Mei. Je, umeacha kuwaambia watu kwamba nitarudi kabla ya Krismasi ya kwanza? Tumekwisha kula tatu.

Mwanao,
Theda


Osterwarf, 2 Februari 2019

Theda mwanangu,

Barua imefika bila kulowa, nashukuru. Ukucha chovya kwenye maji ya moto yenye chumvi, kisha uuache ujitoe wenyewe. Huku hatujambo, upepo tu haujatulia tangu Mwaka Mpya.

Ninakuandikia juu ya bega. Daktari wa Leer aliitazama picha akasema, "Bwana Onken, nyundo basi." Nikamwambia nitatumia mkono wa kushoto. Akaniuliza kama na huo nina mpango wa kuuharibu.

Sasa sikiliza. Mwaka jana nilimwahidi Ahlrichs banda jipya la ng'ombe. Mbao zote za kenchi zimepasuliwa, ziko uwanjani chini ya turubai, na banda linatakiwa kusimama ifikapo Pasaka. Hinrich aliyekuwa akinisaidia amekwenda kiwanda cha magari, huko kuna paa na likizo. Nimebaki peke yangu, na mimi mwenyewe ni nusu mtu. Reemt Harms anataka kununua karakana na uwanja wote aegeshe nyumba za magurudumu za watalii. Atakuja na karatasi za mauzo Jumatatu, tarehe 4 Machi.

Kwa hiyo rudi. Sheria zenu nazijua: miaka mitatu na siku moja, bila simu, bila kulipia usafiri, na usikanyage ndani ya kilomita hamsini kutoka nyumbani. Lakini umebakiza wiki chache tu. Nani atakuja hapa na kamba kupima? Osterwarf hakuna anayejali ulikuwa wapi Machi na ulikuwa wapi Mei.

Ukiwa hapa, siuzi. Usipokuwa hapa, nauza. Sikutishi. Nakueleza hali ilivyo.

Baba yako,
Habbo Onken


Quedlinburg, 9 Februari 2019

Baba,

Pole sana kwa bega. Natumaini usiku unalala, na kwamba hujabeba chochote tangu siku ya daktari. Nakujua, ndiyo maana nasema.

Uliuliza nani atakuja kupima. Nitapima mimi.

Nilipotoka Bremen kwenda Groningen mwaka jana, barabara iliyonyooka inapita karibu na dirisha la jikoni kwetu. Nilizunguka kusini kwa miguu, siku nne, kwenye mvua. Binamu Enno alipooa, mimi nilikuwa kituo cha mabasi cha Vechta na mkate mkononi, nikawatakia heri nikiwa nimeangalia kaskazini. Ruhusa ya kuvuka ipo kwa msiba au kwa mgonjwa anayekufa. Bega si msiba, Baba, na wewe hufi. Ungekuwa unakufa usingeandika kwa mistari iliyonyooka hivyo.

Uliponikataza kuondoka ulisema msichana hatamaliza, atarudi na sababu nzuri. Hii sasa ndiyo sababu nzuri kuliko zote nilizopata, na nyingine zilikuwa nzuri pia. Nikirudi leo, nitakuwa nimeacha njiani. Fundi aliyeacha njiani, wenzake hawamkubali mezani. Hakuna msafiri atakayegonga tena mlango wa karakana yetu kuomba kazi, na atakuwa na haki. Nitakuwa na karakana isiyo na watu. Hilo ndilo tatizo ulilonalo wewe sasa.

Naitaka karakana. Sijataka kitu kingine tangu nikiwa na miaka tisa. Mwombe Ahlrichs asubiri hadi Mei. Au funga mlango siku tatu uje huku, uone kazi yetu, tuzungumze ana kwa ana. Mstari wa kilomita hamsini unanizuia mimi. Wewe haukuzuii.

Mwanao,
Theda


Osterwarf, 16 Februari 2019

Theda,

Mimi mzima, bega ni lilelile.

Ahlrichs hawezi kusubiri. Ng'ombe wamesongamana katika banda bovu, na mimi nilimpa mkono wangu. Quedlinburg siendi. Mtu mwenye bega moja asafiri nusu ya nchi kutazama nyumba iliyopinda ya mtu mwingine? Zilizopinda hata hapa ziko.

Wewe una neno lako, nami nimekupa langu. Harms anakuja tarehe 4, saa tisa alasiri. Biskuti nimekwisha kununua.

Baba yako


Osterwarf, 5 Machi 2019

Theda,

Sijui nianze na salamu au na matusi. Natumaini u mzima. Hayo ndiyo yote utakayopata upande wa salamu.

Jana saa tisa Harms aliketi kwenye kiti chako, karatasi mezani, kalamu tayari mkononi. Nilikuwa namimina kikombe cha pili. Mlango ukagongwa kwa fimbo, mara tatu.

Nafungua, nakuta watu wawili wa kofia nyeusi na suruali pana, mmoja mrefu kama ngazi, mwingine mpana kama kabati. Harms akachungulia nyuma yangu.

"Habbo, kanivali imefika mpaka huku?"

Na kweli jana kule Rhein ilikuwa Jumatatu ya kanivali, watu wakijivika vituko. Huku kwetu, mtu akija amevaa hivyo huwa amepotea au ana wazimu. Yule mpana akaanza kusema maneno ya mafundi kwa Kijerumani cha milimani, nisielewe hata nusu. Ikabidi Mdenmaki anitafsirie Kijerumani.

"Anasema tunaomba kazi, bwana fundi mkuu. Mafundi wawili waaminifu."

"Kazi hakuna. Nauza."

"Uwanjani kuna mbao za kenchi," akasema yule mpana, safari hii polepole. "Tumeziona tukipita. Hizo nazo zimeuzwa?"

"Bado."

"Basi bado ni kazi."

Harms akaweka kalamu chini. "Nani kawatuma ninyi?"

"Hatutumwi," akasema yule mrefu. "Tumesikia tu kwamba kuna kazi."

"Mmesikia kwa nani?"

"Kwa mtu asiyeweza kuja mwenyewe."

Hapo nikaelewa. Nikawaambia wavue viatu waingie, maana mtu akifika wakati wa chai anapewa chai, hata kama unataka kumfukuza. Nikaweka sukari ya mawe, nikamimina, nikaongeza malai ya maziwa. Korbinian wako akachukua kijiko akakoroga. Akakoroga, Theda, kana kwamba hajui chai yetu haikorogwi kamwe! Kiling kiling, malai yote yakapotea, kama anachanganya plasta.

"Anakoroga!" Harms akaniambia, macho yamemtoka. Tangu tuanze kubishana juu ya bei, hilo ndilo jambo la kwanza tulilokubaliana.

Lakini nilikuwa nimekwisha kuona mikono ya yule kijana. Na yule mrefu, bila kuambiwa, alikuwa ameinama kwenye mlango wa jikoni, ule unaokwama tangu enzi za mama yako, akiupapasa bawaba. Leo asubuhi unafunguka kwa kidole kimoja. Nimeufungua mara nyingi bila sababu.

Nikamwambia Harms arudi baada ya Pasaka.

"Kwa nini? Tulikubaliana leo."

"Nina watu kazini."

Biskuti amekula zote kabla ya kuondoka. Usifikiri nimebadili mawazo. Nimesogeza tarehe. Wakishindwa kusimamisha banda, nauza. Na ungeweza kuniambia.

Baba yako


Quedlinburg, 14 Machi 2019

Baba mpendwa,

Nimefurahi kusikia u mzima na unagombana. Ukucha wangu umetoka jana, chini yake kuna mwingine laini kama wa mtoto. Asante kwa maji ya chumvi.

Ningekuambia, ungekataa kwa barua kabla hawajafunga mafurushi. Na wazo halikuwa langu. Barua yako ya biskuti niliisoma kwa sauti tukiwa kwenye ngazi za kilima cha Münzenberg, mji wote chini yetu, tunakula mkate na soseji baridi. Nilipomaliza nikaikunja. Halafu Mecke akasema, "Mtu akinunua biskuti, ameshaamua." Korbinian akaendelea kutafuna.

"Hiyo Osterwarf," akasema, "ni marufuku kwa nani?"

"Kwangu."

"Mimi kwetu ni karibu na Passau. Kule kwenu naweza kulala juu ya meza ya baba yako, hakuna sheria inayonigusa."

"Jeppe je?" nikauliza.

"Jeppe ni wa Aarhus. Yeye anaweza kulala chini ya meza."

Nikawaambia haiwezekani, nyumba ya Bi. Klawitter haiwezi kuinuliwa na watu wawili. Mecke akaweka mkate chini. "Wewe Theda, mimi unaniona kama pazia?" Kesho yake walikuwa barabarani wakiomba lifti. Walichukua shoka langu la kuchongea, lile la babu, wakaniachia lao. Usiseme umeliona bila kulitambua.

Kwa hiyo tuliinua nyumba tukiwa wawili. Ilikuwa juzi, Jumanne. Tulitegemeza sakafu ya juu kwa nguzo za msonobari, tukapanga jeki chini ya kila nguzo ya ukuta, tukawa tunazungusha kwa zamu, kidogo kidogo, nami natazama timazi. Bi. Klawitter alikataa kutoka. Alisema amezaliwa humo, na kama itaanguka anataka kujua mapema kuliko majirani. Alikaa jikoni ghorofani na bakuli la supu mezani, anatupigia kelele dirishani: "Inaelekea kwenye jiko! Sasa inaelekea kabatini! Hapo hapo, wanangu, hapo hapo!" Ile supu ilikuwa pima maji bora kuliko yangu.

Kichochoro kilijaa. Kundi la watalii lilikwama, mwongozaji wao akaacha habari za wafalme akaanza kueleza jeki. Kisha nguzo ya kona ikalia. Umeisikia sauti hiyo wewe. Mecke aliinua mkono, nami nikaacha. Ulimi wa nguzo, ule unaoingia kwenye boriti, ulikuwa umeng'ang'ania kwenye mbao iliyooza na unataka kupasuka. Tungeendelea, kona yote ingeshuka na bibi, supu na jiko.

Sikuwa na wa kumwuliza. Korbinian ndiye aliyekuwa akiamua mambo kama haya, na Korbinian alikuwa kwako. Nilirudisha jeki ya kona chini kidogo, nikaingia chini ya ukuta na msumeno mfupi, nikaukata ulimi wa zamani bila kuugusa mwaloni ulio mzima, nikagonga kabari mbili. Nilipotoka, nguzo haikuwa imesogea. Nilikagua. Tukainua tena. Nguzo ikanyamaza.

Alasiri boriti ya zamani ilitoka vipande vipande, unaweza kuifikicha kama keki. Mwaloni mpya ukaingia ukisukumwa na sisi wawili, mwenye duka la mikate, na watalii sita wenye nguvu. Nyumba imesimama wima kwa upana wa vidole vinne zaidi ya ilivyokuwa. Kasisi wa mtaa alipiga makofi. Jirani wa ng'ambo alinuna kwamba sasa kuomba chumvi itabidi ashuke ngazi.

Kuna jambo nimeliona siku ile, na ninalisema mara moja tu: sasa ninaweza kuendesha karakana. Mwaka jana nisingeweza. Ndiyo maana sikurudi Februari.

Wape salamu hao wawili. Korbinian mfungie vijiko.

Mwanao,
Theda


Quedlinburg, 11 Aprili 2019

Baba,

Hujambo? Bega? Hujaandika tangu Machi, nami najitahidi nisiupe ukimya huo maana yoyote.

Nyumba ya Bi. Klawitter imekwisha, kuta zimejazwa udongo na kupakwa chokaa. Kesho mimi na Mecke tunafunga mafurushi. Tutapita Goslar na Hildesheim, kisha polepole kuelekea mstari. Kabla ya tarehe 15 Mei nitakuwa Vechta, kwa fundi Tepe, yeye hupokea barua za wasafiri.

Pasaka ni Jumapili ijayo ya pili. Najua Harms anarudi baada yake. Ukiuza, niandikie kwa mkono wako. Nisije nikasikia kwa dereva wa lori.

Mwanao,
Theda


Osterwarf, 6 Mei 2019

Theda mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta Vechta ukiwa mzima, miguu mikavu, na huyo Mecke pamoja nawe. Sisi huku sote wazima. Sikuandika kwa sababu tulikuwa kazini kuanzia kunapokucha, na jioni Korbinian anataka kucheza karata.

Banda la Ahlrichs limesimama. Kenchi ya mwisho ilipanda Alhamisi kabla ya Pasaka, viungo vimekaa kiasi kwamba karatasi haipiti. Mimi sikunyanyua kitu. Nilisimama chini nikaonyesha kwa kidole. Nimegundua nina kipaji. Mara mbili yule Mdenmaki alinipinga, na mara moja alikuwa sahihi. Shoka la baba yangu nililitambua siku ile ya kwanza, likiwa bado begani kwa kijana, kabla hajafungua mdomo. Hilo sikukuandikia.

Ahlrichs alitaka sherehe ya kumaliza paa siku hiyohiyo. Bia ilikuwa imeshafika. Nikamwambia hapana, tawi la kijani halipandi juu, hotuba haisomwi, na hakuna atakayerusha glasi kutoka mgongo wa paa.

"Tunamsubiri nani?" akasema.

"Fundi."

"Na hao wawili ni nani?"

"Wasaidizi wake."

Nilisema kwa sauti kubwa, wao wakiwa juu ya kenchi wananisikia. Nilidhani watakasirika. Korbinian alivua kofia, na huyo kofia haivui hata mezani. Basi sherehe ni Jumamosi, tarehe 18, na hotuba ni yako. Iwe fupi. Ng'ombe watakuwepo.

Sasa habari ya kurudi kwako. Nimeelezwa kwamba msafiri haingii kijijini kwake kwa barabara tu. Hukwea kibao cha jina la kijiji akajirusha upande wa pili, wenzake wakamdaka. Nilikwenda kukiangalia kibao chetu. Kilikuwa kimeinama. Nimekinyoosha kwa timazi na kukiongezea mhimili pande zote mbili, maana sijui miaka hii imekupa kilo ngapi. Mtu wa manispaa alipita akaniuliza nina kibali gani. Nikamwambia nina binti.

Wamegawana kazi: Korbinian atadaka miguu, Jeppe mgongo. Nimewaambia kichwani ni mimi, kwa bega zima. Walijaribu kubisha. Kijiji chote kinakuja, na kuna watu wameniomba niwawekee viti, hao hao niliokuwa nikiwaambia habari za Krismasi. Nimewaambia wasimame.

Harms alirudi baada ya Pasaka, kama tulivyopatana. Alileta karatasi zilezile na biskuti zake mwenyewe. Nilimmiminia vikombe vitatu kwa heshima zote, kisha nikamwambia uwanja hauuzwi. Akauliza kwa nini. Nikamwambia mwenye uwanja yuko njiani.

Usijibu barua hii. Utafika kabla ya jibu lako.

Baba yako